Makapi ya Chungwa

Mama yangu alinyonya machungwa maisha yake yote kama wanavyonyonya watu wa Tanga: unalimenya kwa kisu, unakata kifuniko cha juu, unaliminya mdomoni mpaka liishe maji, kisha makapi unatupa. Mimi ndiye niliyemfundisha kuyameza. Nalisema hili mwanzoni ili msomaji asije akanionea huruma kabla hajajua.

Nafundisha baiolojia sekondari. Hasira zangu ziko karibu, wanafunzi wanalijua hilo, na nyumbani walilijua kabla yao. Baba alikufa kwa kansa ya utumbo mpana. Alikonda mpaka shuka likaonekana zito juu yake, na mimi ndiye niliyekuwa namgeuza ubavu hadi ubavu. Siku ya mazishi yake niliapa kwamba mama hatakwenda kwa njia ile. Nilikuwa naogopa, huo ndio ukweli wenyewe. Ila woga wangu mie hautoki kama woga, unatoka kama amri.

Tulikuwa watatu katika nyumba yetu ya Ngamiani: mimi, mama, na mdogo wake wa tumbo moja, mama mdogo, aliyehamia kwetu kutoka Pangani baada ya kufiwa na mumewe. Nilianza na jiko. Sembe nikaipiga marufuku, tukala dona lisilokobolewa. Walinung'unika siku mbili tatu, wakazoea. Kisha msimu wa machungwa ukaingia, mzigo wa Maramba ukawa unauzwa kila kona, na mimi nikakumbuka nililolisoma.

Na nililolisoma lilikuwa kweli, ndiyo maana linaniudhi mpaka leo. Katika matunda kuna vitu ambavyo mmea hujitengenezea ili ujikinge, na sisi tukivila husaidia miili yetu nayo isichakae upesi. Wataalamu wanaviita antioksidanti. Vingine vimo kwenye maji ya tunda, na hivyo utumbo mwembamba huvinyonya mara moja. Lakini vingi vimeshikana na nyuzinyuzi, kwenye ule weupe wa ganda na kwenye makapi, na utumbo mwembamba hauwezi kuvibandua. Husafiri na makapi mpaka kwenye utumbo mpana, ambako vijidudu wanaoishi humo huzivunja zile nyuzi na kuviachia. Utumbo mpana, palepale alipoliwa baba. Nilipoyasoma hayo nililia, nikaona nimeonyeshwa dawa.

Somo hilo lina nusu ya pili. Nyuzinyuzi hizohizo zinaweza pia kuvishika baadhi ya vitu visinyonywe vizuri, kama ile rangi ya karoti, na si kila tumbo linaziweza. Darasani niliifundisha nusu hiyo, hata mtihani niliitungia. Nyumbani niliiacha mlangoni pamoja na viatu.

"Mama, usiteme hayo," nikamwambia alasiri moja, tumekaa uani.

"Makapi, mwanangu?"

"Ndiyo yenye faida. Wewe unakunywa maji, dawa unatupa."

Mama mdogo alikuwa anachambua mchicha. Akasema bila kuinua uso, "Dada meno yenyewe yamebaki manne. Atayatafuna na nini?"

"Atameza."

"Kuuliza si ujinga. Waulize kwanza hospitali. Tumbo la dada lilishapasuliwa."

"Hivi mama mdogo, haya mambo uliyasoma wewe au niliyasoma mie?"

Akaendelea na mchicha wake. Lile tumbo lilipasuliwa kwa sababu ya vidonda nilipokuwa chuoni, na kipande cha tumbo kikatolewa. Nilijua. Nilijua pia kwamba tumbo lililopunguzwa hivyo halisagi kama zamani, na mtu asiye na meno hulipelekea chakula kizimakizima. Nimefundisha mmeng'enyo wa chakula miaka kumi na mitano. Kama mwanafunzi wangu angenijibu nilivyomjibu mama mdogo, ningempa sifuri na maneno juu yake.

Basi ikawa desturi. Nikirudi shuleni, namenya matatu, nampa, nasimama mpaka ameze la mwisho. Aliyageuzageuza kwa ulimi, akafumba macho, akayasukuma kwa maji. Wakati mwingine machozi yalimtoka kwa kupaliwa, nami nikampigapiga mgongoni nikimwambia polepole mama, polepole. Ukitaka kunijua ni mtu wa namna gani, mimi niliona ule ni upendo. Na ulikuwa upendo, hapo ndipo pabaya.

Mwezi wa pili wa kumeza makapi akaanza kusema tumbo limejaa. Ugali akawa anaumega mara mbili na kuusukuma kando. Nikamwambia makapi ndivyo yalivyo mwanzoni, yanashibisha, tumbo litazoea. Nikamwongezea maji ya kunywa. Machungwa sikuyapunguza.

Jumamosi moja akatapika. Jumapili akatapika tena, kijani tupu, na tumbo likawa limekaza, haligusiki. Mama mdogo ndiye aliyekwenda kuita bajaji, maana mie nilikuwa bado natafuta kwenye simu nimpe nini. Hospitali wakampiga picha, na jioni hiyohiyo wakamwingiza chumba cha upasuaji.

Daktari aliyetoka kuzungumza nami alikuwa kijana mpole. Aliniamkia shikamoo, akanionyesha bakuli. Ndani kulikuwa na bonge la ukubwa wa ngumi ya mtoto, la njano iliyochafuka, limesokotana kama makumbi ya nazi. Akasema hilo ndilo lililoziba utumbo mwembamba, na kwamba kipande cha utumbo kilikuwa kimeshaanza kufa, wamekikata.

"Mama anakula nini, mwalimu?"

"Machungwa."

"Wazee wa huku nawajua, wananyonya wanatema. Huyu nani alimwambia ameze?"

"Sijui," nikasema.

Aliniangalia kidogo, akaandika kwenye faili lake, akaenda zake. Nimesimama mbele ya madarasa mangapi nikiwakaripia watoto wa watu kwa kusema sijui. Ile siku nililisema kwa sauti ya kawaida kabisa, wala halikunikwama.

Siku ya pili mama alizinduka. Aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia nimekula, na hilo nalo lilikuwa uongo. Siku ya tatu homa ikapanda, wakasema sumu imeingia kwenye damu. Siku ya nne, kabla ya adhuhuri, alifariki huku nimemshika mguu, kwa sababu mikono yake yote ilikuwa na mipira ya dripu.

Matanga yalijaa. Wanawake wa mtaani na walimu wenzangu waliingia mmoja mmoja, wakinishika mabega. Mtoto umemtunza mama, waliniambia. Pepo iko chini ya nyayo za mama, nawe umeipata. Wa kumi na ngapi sijui aliposema hivyo, nilishindwa kuvumilia. Nikainuka nikaenda uani, nikamkuta mama mdogo peke yake na sinia la mchele.

"Nimemuua," nikamwambia. "Mie ndiye niliyemuua."

Nilitaka aseme hapana. Watu husema hapana. Yeye aliendelea kuokota mawe kwenye mchele.

"Yale makapi yalimuuma tangu wiki ya kwanza," akasema. "Nikamwambia dada, mwambie mwanao. Akakataa. Nikamwambia basi yaweke kinywani, akigeuka uteme. Akakataa pia."

"Kwa nini?"

"Alikuwa anakusikia usiku, unavyotembea ukumbini. Tangu shemeji afe ulikuwa hulali. Akaniambia, mwache mtoto, anaogopa kunizika. Nikimeza, analala."

Nilikaa chini pale pale kwenye saruji. Alisema kweli. Miezi ile miwili nililala vizuri kuliko nilivyowahi kulala tangu tumzike baba.