Mikate Ambayo Haikupelekwa

Kiwandani mume wangu wanamwita Mpiga Ramli. Ramli yenyewe ni kompyuta tu na mauzo ya miaka iliyopita: anatazama Jumatatu za zamani, miisho ya mwezi, siku za mvua, kisha anawaambia waokaji kila duka lipelekewe mikate mingapi kesho. Ni nadra kukosea. Nyumbani hajui hata chumvi imeisha, lakini hilo tuliache.

Dada yake, aliyemlea baada ya mama yao kufariki, alikuwa muuzaji wa tawi dogo la kiwanda hichohicho karibu na gereji. Mauzo yake yalikuwa yanashuka, na meneja alishasema yakiendelea hivyo tawi litafungwa. Jumapili moja wifi akaja kwetu, hata mkoba hakuuweka chini.

"Mdogo wangu, mikate inaniisha asubuhi na mapema. Wateja wanarudi mikono mitupu."

"Dada, takwimu zinaonyesha unauza kidogo."

"Sasa nitauzaje usichoniletea?"

Mume wangu alikuwa ameelewa, si mjinga. Wakati wa mvua wateja walipungua, naye akapunguza mikate isije ikalala. Mvua ikaisha, wateja wakarudi, mikate haikurudi. Duka likiletewa arobaini huuza arobaini, na wanaokosa hawaandikwi popote. Kompyuta ikaona arobaini, ikasema tawi limechoka. Alikuwa akilinyonga tawi la dada yake mwenyewe.

"Mwambie meneja," nilimwambia mume wangu, wifi alipoondoka. "Fungua mdomo, baba!"

"Nitamwambia."

Hakumwambia. Kikaoni walikuwa wamemsifu wiki ileile kwa makadirio yake. Nilipomuuliza anaogopa nini, akasema hasikii chochote, si woga wala aibu, ganzi tupu, kama mkono uliolaliwa. Nilitamani kumzaba kofi ili asikie kitu.

Mwisho wa mwezi tawi likafungwa. Meneja akampongeza: makadirio yametimia.

Jioni hiyo wifi akaja na sare yake kwenye mfuko, ya kurudisha kiwandani. Nilijiandaa kwa ugomvi. Kusema kweli niliutaka. Yeye akamtazama mdogo wake pale kitini.

"Umekula?"

"Bado."

Akaingia jikoni kwangu bila kuniuliza, akamkaangia mayai, akasimama kando yake mpaka akamaliza. Hakumlaumu kwa neno hata moja.

Alipoondoka nilimuuliza mume wangu mayai yalikuwaje. Akasema hajui, hakusikia ladha yake.