Tangi la Kushoto

Rubani huyo wenzake walimwita Dakika, na jina likamkaa. Mshale wa mafuta kwenye ndege yake ndogo hakuuamini hata kidogo. Alisema unadanganya kuliko mchumba. Kabla ya kila safari alipanda ngazi, akachovya kijiti chenye alama za lita, zilizopimwa kwa matangi ya ndege yake tu, katika tangi la kila bawa, akageuza lita kuwa dakika na kuziandika kwa kalamu mgongoni mwa mkono. Kwa miaka kumi na minne injini haikuwahi kumzimikia angani.

Siku hiyo abiria alikuwa mama yake mzazi. Miaka yote mama aliiita ndege ile kibiriti chenye mabawa na hakutaka hata kuisogelea, ila sasa mdogo wake aliyeishi ng'ambo ya milima alikuwa mgonjwa na barabara ya kwenda huko ilikuwa imekatika. Dakika alijawa na furaha, akamfunga mama mkanda kwa mikono yake.

Safari ilikuwa ya saa mbili. Mkononi aliandika dakika tisini kwa kila tangi, akaanza na la kushoto. Dakika ya sitini injini ikakohoa.

Akafungua tangi la kulia, injini ikarudi kunguruma. Lakini kama kushoto kulipungua nusu saa, kulia pia kulipungua. Safari ilibakiza dakika sitini, na mafuta ni ya dakika sitini, na mbele ni milima na msitu mtupu. Chini yao kulikuwa na shamba la mahindi lililokwisha kuvunwa. Alijua akishuka pale mama hatapanda tena ndege yake. Roho ilimuuma. Hata hivyo mkono haukusita.

"Kaza mkanda, mama. Tunashuka."

Alizunguka mara moja kutafuta nyaya na mitaro, kisha akaiweka ndege chini injini ingali inavuta. Ilidunda mara mbili, ikatulia.

Akateremka, akakitazama kijiti. Kilikuwa na rangi nyekundu. Chake kilikuwa cha bluu. Asubuhi alipiga soga na rubani wa ndege ya jirani, vijiti vyao vyote viwili vikiwa juu ya pipa moja, akaondoka na kisicho chake. Angeweza kusingizia injini, na mama angeamini.

"Kosa ni langu, mama. Nilipima mafuta kwa kijiti cha ndege nyingine."

Mama aliitazama milima. "Na kule mbele ungeshuka wapi?"

"Kule hakuna pa kushuka."

Dakika akampigia fundi alete mafuta. Mama naye akampigia mdogo wake, akamwambia watachelewa, wako shambani. Mgonjwa akapiga yowe lililosikika hadi nje ya simu.

"Hatujaanguka, wewe," mama akamkatiza. "Mwanangu ametushusha. Mafuta yakija tunapanda, tunakuja."