Ukuta wa Nyuma

Nyumba yetu ya Ujiji watu huiita kwa mzee wa bandarini, kwa sababu huko ndiko mume wangu anakofanya kazi. Sijawahi kununa, ingawa matofali yake yote yametokana na dagaa. Nilikuwa nikiwanunua kwa wavuvi wa Kibirizi alfajiri, nawaanika, nawapakia kwenye treni. Mbalamwezi ikiwaka, mitumbwi haitoki, kwa kuwa dagaa hawaji kwenye taa; hapo pesa zilinikaukia na fundi akaenda zake. Giza likirudi, naye alirudi na matofali ya tanuru jingine. Ndiyo maana ukuta wa nyuma, ambao hatukuupiga plasta, una mistari: mwekundu, wa kahawia, mwekundu tena. Kila mstari ni giza moja la jasho langu, na ninaringa nao.

Sasa mume wangu anakaribia kustaafu, na tumekubaliana kwamba miaka michache ijayo tutahamia Simbo, kwenye shamba letu la michikichi. Tukabaki na swali moja: tuikarabati nyumba ili ivutie mnunuzi, au tuiache ilivyo? Mume wangu akaenda kumleta dalali.

Dalali alinipa shikamoo nzuri kabisa, kisha hakunitazama tena. Walizunguka nyumba wawili hao, mimi nikiwafuata nyuma kama niliyekuja kuomba chumvi. Akashauri ghala langu la dagaa livunjwe, pawe chumba chenye choo ndani. Akataka madirisha ya alumini na dari ya jipsamu. Tulipofika nyuma akacheka kidogo, akasema ukuta ule upigwe plasta haraka, maana unaonyesha mwenye nyumba alijenga kwa kuungaunga.

Niliungaunga, ndiyo, na nikamaliza. Wangapi walianza kwa mbwembwe na leo wamefuga nyasi kwenye misingi? Lakini nilitaka kwanza kumsikia mume wangu. Plasta ikishapigwa, nani angejua kwamba niliwahi kujenga chochote? Hilo ndilo lililoniuma, wala si bei ya nyumba.

Mume wangu alipitisha kiganja kwenye mistari ya ukuta. Dalali akamuuliza:

"Sasa mzee, unaamuaje?"

"Mbona unaniuliza mimi?" mume wangu akasema. "Nyumba hii kaijenga mke wangu. Mimi nilihamia na begi."

Dalali akanigeukia, safari hii na mwili mzima. Nikamwambia bati za jikoni zitabadilishwa, kwa sababu miaka iliyobaki nitapikia humo na sitaki kunyeshewa. Baraza litapigwa sakafu upya, maana bado tunapokea wageni. Ghala na ukuta visiguswe. Mnunuzi akija ataelezwa mistari ile ni ya nini, na asipoipenda, Ujiji ina nyumba nyingi.

Akasema kwa hali hiyo bei itashuka. Nikamjibu ishuke tu, tutaishi.

Waliporudi mbele nilibaki jikoni, nikajifanya napuliza moto, kumbe nalia. Nilikuwa na furaha na kiburi cha kutosha watu wawili. Miaka yote ile ya kuamka kabla yake, sikujua kama mume wangu alikuwa ananiona.