Hewa ya Samaki wa Bujiku

Nimemfungia Bujiku betri tatu, na kila moja nilimfungia nikiwa na hasira. Mteja wa kawaida anafika dukani kwangu hapa Nyahanga, anasema anataka taa mbili na redio, tunapatana, nafunga, naondoka. Bujiku alikuwa anakuja na maswali. Betri ikigoma je? Inveta ikiungua je? Na vikigoma vyote siku moja, na wewe fundi Gregory umesafiri kwenu Bukoba, je? Nikamuuliza, "Kaka, kwani nafunga hospitali au nafunga samaki?" Hakucheka. Alijibu, "Samaki naye anavuta hewa, fundi," akarudi kukagua nyaya zangu moja moja kana kwamba mimi ni mwanafunzi.

Sebuleni kwake kulikuwa na matangi manane ya kioo, yamepangwa kwenye fremu za chuma hadi karibu na dari. Nyumba yenyewe ina vyumba vitatu na bati linalovuja. Mkewe, Apolonia, alishazoea kupokea wageni uani, maana sebule ilikuwa ya samaki. Matangi aliyapata kwa tajiri mmoja wa dhahabu wa mjini Kahama, aliyekuwa amemwajiri kuyasafisha. Tajiri alipohama aliona vioo vitavunjika njiani, akamwambia Bujiku avichukue pamoja na vilivyomo. Tangu hapo akawa anazalisha samaki wadogo wa rangi na kuwauzia wenye hoteli na wenye nyumba kubwa. Ndiyo ilikuwa kazi yake, na ndiyo iliyomsomesha Rebeka.

Rebeka ni mtoto wa marehemu Ndaki, mdogo wake Bujiku. Ana miaka kumi na mmoja, na amelelewa hapo tangu ana miwili. Bujiku anamwita baba. Ni mtoto mwenye adabu, lakini hali cha mtu. Mara moja mke wangu alimpa andazi. Alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru, na jioni tukalikuta limewekwa juu ya ukuta. Mke wangu alinuna wiki nzima. Apolonia akaja kutuomba radhi, akatueleza kwamba bibi yake Rebeka, mama wa Bujiku na Ndaki, kabla ya kufariki, ndiye aliyemfundisha hivyo: baba yake aliuawa kwa mkono wa mama yake, kwa hiyo ajihadhari na mikono ya watu. Mimi ni mtu wa kuja. Mambo ya koo za watu siyaingilii.

Niseme haki: hakuna mtu Nyahanga nzima aliyejiandaa kwa umeme kukatika kama yule bwana. Kwanza kulikuwa na betri kubwa na inveta. Pili, pampu ndogo za betri za tochi, moja kwa kila tangi, zimetundikwa misumarini tayari. Umeme ukikatika hawalishi, kwa sababu samaki aliyeshiba anachafua maji na anataka hewa nyingi. Apolonia alifundishwa kuchota maji ya tangi kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, ili yaingie na hewa. Mwisho kabisa lilikuwa jenereta la petroli, kwenye kibanda cha mabati mwisho wa uwanja, mbali kwa ajili ya kelele. Pampu kubwa iliyolisha matangi yote kwa mipira membamba ilikaa dirishani. Hapo niliiweka mimi. Pampu ikiwa chini ya usawa wa maji ya tangi, umeme ukizima maji hurudi mpirani na kuiunguza, kwa hiyo nilimwambia iwe juu, na dirisha ndilo lilikuwa juu. Nilijisifu kwa hilo.

Nilimuuliza kwa nini anajitesa hivi kwa viumbe wa urefu wa kidole. Akanijibu kwamba alipokuwa mchimbaji, kazi yake ilikuwa mtu wa hewa. Mtu wa hewa hashuki kwenye duara, yaani lile shimo la dhahabu. Anakaa mdomoni na blowa, mashine inayosukuma hewa chini kwa mpira mrefu wa plastiki. Hali mbali nayo, hasinzii. Kila baada ya muda anavuta kamba mara mbili, na aliye chini anajibu mara mbili. "Sikuwahi kuzembea," alisema. Nikadhani anajisifu, kumbe alikuwa anajitetea.

Mwezi Machi mwaka huu mvua ya upepo iliangusha nguzo, tukakaa bila umeme. Siku ya kwanza betri ilihimili. Siku ya pili asubuhi ilikwisha, zikafuata zile pampu za tochi, nazo kufika mchana zikawa zinapumua kwa shida. Bujiku akaenda kuwasha jenereta, na hapo upepo ulikuwa umeshang'oa mabati ya kibanda na mvua inarudi. Mtu mwenye akili zake anafanya nini? Alilikokota jenereta hadi barazani, akaliweka ukutani pakavu, chini ya dirisha. Akaliwasha. Mapovu yakapanda kwenye matangi yote manane, naye akavuta kiti akakaa kuyatazama.

Baada ya nusu saa samaki walianza kupanda juu. Akaona hewa haitoshi, akaongeza kasi ya pampu. Wakaanza kuzunguka kiubavu, wakalala chini mmoja mmoja, na mapovu bado yanapanda vizuri kabisa. Akaongeza tena, hadi mwisho. Apolonia ndiye aliyeingia akiwa anakohoa, akakimbia kuzima jenereta, kisha akanipigia simu.

Nilimkuta Bujiku kwenye matope ya uwanjani, anatapika, kichwa kinampasuka. Nikaingia ndani, nikaona matangi, nikaona dirisha, nikaona bomba la moshi la jenereta limeelekea juu. Nilipandwa na hasira, na hasira yangu haijawahi kuchagua maneno. Nikatoka nikamwambia, "Bujiku, umewavutia samaki moshi! Pampu haina akili, inanyonya kilicho mbele yake. Moshi wa petroli una sumu usiyoiona. Kila ulipoongeza kasi ulikuwa unawamaliza."

Aliinua uso. "Rudia, fundi."

Nikarudia, safari hii polepole, kwa sababu uso wake ulinitisha. Akauliza kama sumu hiyo ingeweza kumuua mtu. Nikasema mtu ndiyo kabisa, akiwa mahali padogo dakika ishirini zinatosha. Akauliza kama ni lazima mtu huyo akae karibu na jenereta. Nikasema hapana, akiletewa kwa mpira atakufa hata awe mbali.

"Mita arobaini," alisema. "Ndaki alikuwa mita arobaini."

Akanieleza pale pale matopeni, na mvua inanyesha, hakutaka kuingia ndani. Ilikuwa miaka tisa iliyopita, kwenye machimbo ya kule Nyang'hwale, si mbali na Kharumwa kwao. Wenzao walikuwa wamepanda kula, Ndaki akabaki chini peke yake anamalizia kutoboa. Umeme ukakatika, blowa ikazima, na mvua ikaanza. Bujiku hakupoteza hata dakika. Alilivuta jenereta la akiba hadi chini ya turubai ilipokuwa blowa, ili lisilowe, akaliwasha, hewa ikarudi. Mwenye duara alimpiga begani, akamwambia umemwokoa mdogo wako. Akavuta kamba mara mbili, ikajibiwa mara mbili. Baadaye akavuta, ikajibiwa mara moja. Akaongeza kasi ya blowa. Alipovuta tena, kamba haikujibiwa.

Walimpandisha Ndaki hana jeraha hata moja. Mwili mzima, hewa ilikuwepo, mashine ilikuwa inazunguka mpaka dakika ile. Basi kimemuua nini? Ukoo ukaenda kwa mganga, na mganga akasema mwenye mkono ni mke. Mke huyo, Lusia, alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Wakamwambia amemtoa mumewe kafara ili apate dhahabu. Wakamnyang'anya mtoto, wakamwacha na nguo alizovaa na furushi moja, na aliyebeba furushi hilo hadi kwenye bodaboda ni Bujiku mwenyewe. Niliposikia hayo nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Lakini alikuwa ameshika kichwa kwa mikono miwili analia kwa sauti, mtu mzima wa miaka hamsini.

Tulizika samaki nyuma ya choo. Kesho yake akaniambia anakwenda Katoro, Lusia yuko huko anauza chakula, na akaniomba nimsindikize. "Mimi nitasema nilivyofanya," alisema. "Wewe umweleze moshi. Mimi hataniamini." Tulipanda basi kupitia Ushirombo.

Banda la Lusia liko nyuma ya kijiwe cha bodaboda, mabenchi matatu na sufuria nne. Alimwona Bujiku akamtambua mara moja. Hakusimama.

"Shemeji," alisema. "Nani amekufa tena?"

"Mayu alifariki mwaka juzi," akajibu. Mayu ni mama yao, yule bibi yake Rebeka.

"Nilisikia. Poleni." Akaendelea kupakua wali wa mteja. "Rebeka je?"

"Mzima. Anasoma."

Bujiku akakaa benchini, akamwomba chakula. Mkono wa Lusia ulisimama. Miaka tisa hakuna mtu wa ukoo ule aliyekuwa amegusa cha kwake, hata maji. Akampakulia ugali na dagaa, akamwekea mbele yake, akasimama kumtazama. Bujiku alikula wote, kisha akasema. Alisema yote, la kamba na la turubai na la kuongeza kasi, hakujipunguzia hata kidogo. Mimi nikaeleza moshi. Nilijitahidi kueleza kwa upole, ingawa upole si fani yangu.

Lusia alikuwa anafuta sinia lililokuwa safi tayari. "Nilisema," akajibu.

Bujiku akainamisha kichwa.

"Siku ya msiba nilisema. Mimi ndiye niliyemvua nguo zake. Nikasema mbele yenu nyote, nguo za mume wangu zinanuka moshi wa petroli, kwa nini zinanuka petroli na mtu alikuwa chini ya ardhi? Mayu akasema hiyo ndiyo dawa niliyompaka. Shemeji, ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulinisikia?"

"Nilikusikia."

Hakupiga kelele. Ningependelea apige. Aliweka sinia chini akasema, "Sasa msamaha wako nitaupeleka wapi? Mayu amekufa. Waliobaki hata wakiniita leo sitakwenda. Namtaka mtoto wangu. Nenda ukamwambie mtoto wangu, mimi nikiwa nimesimama hapo nasikia."

Lusia alikuja Jumapili iliyofuata. Alikuwa amevaa kitenge kipya, na mkononi ana kikapu cha michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, ameichemsha na karanga. Apolonia alinieleza baadaye kwamba hicho ndicho alichokuwa anamlisha Rebeka alipoanza kuota meno. Tulikaa sebuleni katikati ya matangi makavu. Bujiku alimweka Rebeka mbele yake, akamsimulia habari za mgodini tangu mwanzo. Akamwambia, "Mama yako hakumuua baba yako. Ni mimi. Sikujua, lakini ni mimi." Alisema hivyo mara tatu, maana hatukujua kama mtoto anasikia.

Rebeka akamgeukia Lusia, akampigia goti. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu."

Lusia akafunua kikapu. Alijaza kiganja michembe na karanga, akamnyooshea. Karanga mbili zikaanguka sakafuni. Mtoto akapokea kwa mikono miwili, akashukuru, kama alivyofanya kwa andazi la mke wangu. Nikajua kitakachofuata, nikamwomba Mungu aniaibishe, nionekane nimekosea.

Rebeka alikitazama kile chakula. Kisha akavuka chumba, akamfikia Bujiku, akamwekea chote mkononi.

"Baba," alisema kwa adabu, "anza kula wewe."

Bujiku akatia mdomoni, akatafuna, machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Lusia alikuwa bado amenyoosha kiganja kitupu. Rebeka alisimama mbele ya baba yake hadi alipomeza, akaendelea kusimama, anamtazama usoni, anasubiri kuona kama atakufa.