Mapipa ya Uwanja wa Ndege

Shemeji yangu Kornelio alipampu mafuta ya ndege kwa mkono miaka saba, kwenye uwanja wa nyasi nje ya kijiji chetu, mwendo wa saa moja kutoka Robanda. Kazi ilikuwa kufukuza nyumbu uwanjani, kufungua pipa, kuzungusha mpini mpaka ndege ishibe, na kuwasalimia marubani ambao hawakujua hata jina lake. Mafuta yalikuwa ya kijani. Jioni aliyatumia hayohayo kunawa mikono ili grisi itoke, na hakuna aliyemkataza.

Mapipa matupu aliachiwa yeye. Hapo ndipo ninapopandwa na hasira mpaka leo, maana ni Kornelio huyohuyo aliyetufundisha kuyatumia. Unajaza nyasi kavu ndani, unawasha moto, ukizimika unasugua kwa mchanga, basi, pipa limetakata. Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa mwaka 1974, vyungu vyetu vingi vilivunjika juu ya lori. Na bila pombe hupati risaga, ule ujirani wa kulimiana mashamba, maana anayekuja kukulimia anategemea kunywa. Chungu kinanywesha watu watano, pipa linanywesha kitongoji kizima. Kila mama alitaka lake. Dada yangu Agustina, mke wa Kornelio, alikuwa na mawili.

Siku moja ndege ilichelewa. Kornelio akachuchumaa kando ya pipa jipya, akaanza kusoma karatasi iliyobandikwa ubavuni. Alikuwa ameishia darasa la nane na Kiingereza chake kilikuwa cha kuungaunga, lakini kilitosha. Mafuta yana madini ya risasi. Ni sumu. Yasiguse ngozi, na pipa lisitiwe chakula wala maji. Miaka saba alikuwa akiichoma karatasi hiyo pamoja na nyasi, na alikuwa hajaisoma hata mara moja.

Agustina alikuwa ameharibikiwa na mimba mbili, na ya tatu ilikuwa na miezi minne. Sisemi ni mapipa yaliyomfanyia hivyo, mimi si daktari. Kornelio naye hakusema, ila siku hiyohiyo alichukua shoka akayatoboa mapipa yote mawili ya nyumbani kwake. Msimu ule alilima peke yake. Nani angemlimia bila pombe?

Kwenye mkutano wa kijiji alisimama mbele ya Magige, mwenyekiti wetu.

"Ndugu Mwenyekiti, naomba haya mapipa yapigwe marufuku."

"Si wewe uliyetuambia moto unamaliza kila kitu?"

"Nilikosea."

"Haya, basi tuletee vyungu mia." Watu wakaangua kicheko. Na mimi nilicheka, sitaficha.

Akachukua rangi nyekundu ya kupaka mawe ya uwanjani, akazunguka nyumba kwa nyumba akichora fuvu la kichwa kwenye kila pipa. Unajua kilichotokea? Walevi waliokuwa wakidokoa pombe za watu waliliogopa lile fuvu. Kina mama wakaanza kumfuata wenyewe: "Kornelio, na langu nichoree, bwana, wananimalizia pombe." Alitupa kopo la rangi porini.

Aliandika barua kwa wakubwa wa wilaya kule Mugumu, moja, mbili, tatu. Alimwuliza rubani kama hakuna mafuta yasiyo na sumu. Rubani akamjibu kwamba mambo hayo yanaamuliwa Ulaya, akapanda ndege yake. Mimba ilipofika mwezi wa tisa, ndipo ikaja karatasi yenye muhuri: mapipa ya mafuta ya ndege ni marufuku majumbani, yakusanywe na serikali ya kijiji. Mgambo wakayabeba yote kumi na manane. Kornelio alifurahi kama aliyepata ng'ombe. Yanapelekwa wapi, hakuuliza. Na mimi sikuuliza.

Uchungu ulipomshika Agustina tukampeleka zahanati. Nyuma ya jengo, chini ya bati, mapipa yalikuwa yamepangwa yakikinga maji ya mvua, mafuvu mekundu yakitutazama.

"Mwenyekiti katuletea," alisema Waisiko, mkunga. "Tumeyachoma tena, yametakata. Tena haya yenye alama ni mazuri, hakuna mtu anayeyachezea."

Kornelio akanyakua mtungi akatoka mbio kwenda mtoni. "Msimpe hayo maji!" alipiga kelele akiwa njiani. "Shemeji, nisubirini!"

Mto ulikuwa mbali. Jua lilikuwa kali, na Agustina alianza kulia kiu. Alinishika mkono, akaniita kwa jina langu la utotoni, midomo imempasuka. Nilivumilia kadiri nilivyoweza.

Kornelio aliporudi na mtungi kichwani, shati limelowa, alinikuta nimeshika kikombe kitupu, kidevu cha Agustina kikichuruzika maji.