Kampuni Iliyozaliwa Baada ya Mapacha

Namshukuru Mungu kwamba nilifanywa mkurugenzi wa kampuni nikiwa mzee tayari. Ujanani ningeringa sana.

Tulikuwa wakulima wa kahawa wa kigango kimoja upande wa Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, pamoja na mama mmoja mfanyabiashara wa Butembo, ng'ambo ya mpaka, aliyesali nasi. Mnunuzi wa Kasese alikubali kuchukua mavuno yetu yote kwa bei nzuri, ila alitaka kuandikiana mkataba na kampuni, si na kundi la wazee. Tusipoisajili kabla ya mavuno, kahawa ingerudi kwa wachuuzi wa mpakani, wanaojipangia bei wenyewe.

Tukachanga. Wakili wa Kasese akatutajia ada ya kuhifadhi jina, ada ya usajili, ushuru wa stempu, na ujira wake. Jina halikutusumbua. Kwetu sisi Bakonzo, watu wa mlimani, mtoto hupewa jina kwa mpangilio wa kuzaliwa, na kampuni hii ilikuwa ya kwanza, basi tukaipa jina la mvulana wa kwanza. Ofisi ya usajili kule Kampala wakakataa: limekwisha kuchukuliwa. Tukalipa tena, tukapeleka jina la mvulana wa pili. Nalo lilikuwa na mwenyewe.

“Wazee wangu,” wakili alisema kwenye simu, “mlima mzima uliwaza hivyo kabla yenu.”

Mchango uliobaki haukutosha hata usajili.

“Muzee,” mama wa Butembo akaniambia, “hii mutoto bado kuzaliwa, na iko inakula kupita batoto bangu bote.”

Jumapili, baada ya ibada, tukanadi kuku. Kwetu anayemnunua humrudisha, anadiwe tena. Kuku yule aliuzwa na kurudishwa hadi mtu mmoja akasema, “Huyu naye apewe hisa.” Nilicheka mpaka nikashika ukuta wa kanisa.

Katikati ya kelele hizo bibi mmoja akasimama. “Ipeni jina la anayezaliwa baada ya mapacha.”

“Mapacha wenyewe wako wapi, nyanya?”

“Si yale majina mawili yaliyokataliwa?”

Kampala wakakubali. Fedha za kuku zikalipa yaliyobaki. Nilikwenda mwenyewe Kasese kuchukua cheti, nikarudi nimekibana kifuani chini ya koti, nikiimba zaburi kwa sauti hadi abiria mwenzangu akaniuliza kama nimepata mjukuu. Nikamwambia ndiyo.

Mnunuzi akatia sahihi wiki ile ile mavuno yalipoanza. Ndipo wakili akatukumbusha: kila mwaka kuna taarifa ya kupeleka na ada yake, na hesabu za kodi, hata mkikosa faida.

“Kila mwaka?” mama wa Butembo akauliza. “Ubatizo si ni mara moja?”

Siku ya mizani gunia la kwanza tukaliweka kando kwa ajili ya ada ya mwaka, kama tunavyotenga fungu la kumi. Mama wa Butembo akalikalia, mtu asije akabadili nia, nasi tukaendelea kupima kahawa tukiimba.