Furu chini ya siti

Wivu ni ugonjwa, jamani, na mimi nimelazwa. Baba Magesa, jirani yetu hapa Buhare, alipewa gari la mtumba ili alijaribu kabla ya kununua. Nikajiona natembea kwenda shule huku rafiki yangu Magesa ananipita amekaa kama mkuu wa wilaya. Roho iliniuma.

Nilikuwaga naangalia kwenye simu jinsi ya kugundua gari lililozama mafurikoni. Jioni mwenye gari alipokuja kufuata jibu, nikajitolea kulikagua mbele ya majirani. Nikavuta mkanda wa siti wote kutafuta tope, nikanusa siti, nikainua kapeti. Limelowa. Chini yake nikamkuta furu, kale kasamaki kadogo ka ziwani, amekufa.

"Baba Magesa, hili lilizama ziwani," nikasema nimemshika furu mkia. "Shahidi huyu hapa."

Baba Magesa akamrudishia mwenye gari funguo. Nikatabasamu hadi magego.

Mama yangu akajikohoza. "Huyo samaki ni wangu. Asubuhi mama Magesa alinipa lifti na gari hili kutoka mwaloni kununua samaki, ndoo ikanimwagikia humo, huyo akateleza chini ya kapeti, nikaona aibu kumwambia." Akanigeukia. "Kumbe ndiyo maana ulijitolea kukagua; jana ulikuwa unasali hii gari isinunuliwe. Nilikusikia, Masatu."